Naam ya Ami Mjaka

Mimi Fahmi sijawahi kumwogopa askari. Liwekeni hilo kando, mtalihitaji. Hapa Ole ukimwuliza mtu yeyote nani anajua sheria, atakutajia mimi. Asiponitaja, basi hukumwuliza vizuri. Nilimaliza kidato cha nne na C ya Uraia, C safi, ya jasho, na ile mada ya haki za raia niliisoma kwa sauti mpaka mbuzi wetu wakaijua. Mtu akikamatwa ana haki ya kuambiwa kosa lake. Ana haki ya kunyamaza. Ana haki ya kuitiwa jamaa yake au wakili. Nilizipanga haki hizo kichwani kama sahani kabatini, nikawa nasubiri mgeni tu.

Mgeni akaja Alkhamisi baada ya adhuhuri, kwa gari la polisi.

Ami Mjaka, mdogo wake marehemu baba yangu, ndiye aliyenilea. Siku hiyo alikuwa uani anageuza karafuu juu ya jamvi. Mikarafuu yake yote ni minne, iko nyuma ya nyumba, na mwaka huu imezaa kama iliyokuwa ikidaiwa. Ami ni mtu wa maneno machache, na katika hayo machache, nusu yake ni naam. Kwetu naam ni adabu. Mtu akikuita, naam. Akikueleza jambo refu, unamtilia naam katikati ajue hujasinzia. Lakini Ami amepita kiasi. Siku moja mkewe, Bi Mize, alimwambia, "Mjaka, weye huna akili," naye akajibu, "Naam, mke wangu," akaendelea kumenya muhogo.

Wakateremka wawili. Aliyetangulia alikuwa koplo, kijana wa bara, buti zinang'aa, hajamaliza hata msimu mmoja kisiwani.

"Wewe ndiye Mjaka?"

"Naam."

"Hizi karafuu zako?"

"Naam."

"Twende kituoni, ukatusaidie."

"Naam," akasema Ami, akapangusa mikono kwenye kikoi.

Bi Mize akatoka jikoni na unga mpaka viwikoni. "Kunani? Kafanya nini?"

"Mama, tulia. Anakwenda kutoa msaada tu."

"Msaada! Polisi mumepungukiwa nini hata Mjaka akusaidieni? Kama ni muhogo, semeni niwafungie."

Koplo hakucheka. Mwenzake alikuwa anazoa karafuu kwa viganja anazitia guniani, karafuu ambazo hazijakauka, zinanata vidoleni. Bi Mize akamwambia zitaota ukungu humo. Akajibiwa kuwa kielelezo ni kielelezo. Ami akaomba aingie ndani mara moja achukue kofia yake na miwani.

"Huendi harusini, mzee. Panda."

Akapanda kichwa wazi. Wale wasiojua wataona si kitu. Lakini mtu mzima, mwenye mvi, anapitishwa njia nzima ya Ole nyuma ya gari, mchana, hana kofia, na majirani wamejaa vibarazani! Nadhira, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, aligeuza uso akajifanya anatafuta kitu kwenye kanga yake, asimwaibishe. Ami aliweka kiganja chake juu ya utosi, akakaa hivyo mpaka gari likapinda.

Na mimi? Mimi swali langu lilikuwa tayari: afande, mnamkamata kwa kosa gani? Nililiuliza. Nililiuliza vizuri sana, ila kwa ndani. Kwa nje niliona kwamba mbuzi hakufungwa barabara, na mbuzi ni mali, kwa hiyo nikaenda kumfunga nyuma ya choo. Fundo lilishika mara ya tatu. Kulikuwa na baridi.

Baridi ya adhuhuri, ndiyo. Endeleeni.

* * *

Kosa lenyewe tulilipata kwa Nadhira, aliyelipata dukani, maana polisi hawakumwambia mtu. Mzee Marhoun kapotelewa na gunia la karafuu kavu kwenye ghala lake. Bi Mize hakungoja hata kunawa unga. Akajitanda, akanambia, "Fahmi, twende," tukapanda mlima kwa Marhoun.

Marhoun ni mtu wa heshima. Babu yake alikuwa na mikarafuu isiyohesabika. Yeye amebakiwa na michache na nyumba yenye ngazi. Alitupokea juu ya ngazi. Sisi tukabaki chini. Kahawa ikaletwa chini huko huko.

"Bi Mize," akasema, "Mungu shahidi, mimi sikumshitaki Mjaka. Nimesema gunia limepotea. Wakaniuliza, nani anapita njia hii? Nikasema wote wanapita. Wakasema, kama nani? Nikasema, kama Mjaka."

"Ukamtaja."

"Nimemtaja kama mtu anayepita."

"Watu wa Ole nzima wanapita hapa, Mzee Marhoun. Kwa nini likakujia jina lake?"

Marhoun akakizungusha kikombe chake. "Kwa sababu ndiye anayesimama kunisalimia," akasema, na nadhani alisema kweli.

"Basi nenda ukawaambie hivyo."

"Limeshakuwa la serikali hilo, bibi. Mimi nikienda sasa nitaonekana naichezea serikali."

Bi Mize akakiweka kikombe kwenye ngazi ya kwanza, kimejaa vilevile, tukateremka. Njiani aliniuliza jambo moja tu: "Weye uliyesoma. Wanaweza kumweka mpaka lini?"

"Ana haki ya kuambiwa kosa lake," nikasema.

"Sikuulizi ana nini. Nakuuliza mpaka lini."

Hapo nikakumbuka kwamba ile mada ilikuwa na ukurasa wa pili.

* * *

Yaliyopita kituoni Ijumaa asubuhi nitayaeleza kana kwamba nilikuwepo, kwa sababu Ami katuhadithia, na mtu anayesema kidogo hana nafasi ya kuongeza chumvi.

Alilala sakafuni. Asubuhi koplo akamtoa, akamkalisha mbele ya meza, akachukua kalamu. Hakumwambia kuwa anaweza kunyamaza. Hakumwuliza kama anataka jamaa yake akae naye. Alianza tu, kama mtu anayehesabu nazi.

"Mzee Mjaka."

"Naam."

"Juzi ulipita kwa Marhoun."

"Naam."

"Ukakuta mlango wa ghala uko wazi."

"Naam."

"Ukaingia, ukachukua gunia."

"Naam..."

Jamani, Ami alikuwa anamngoja amalize! Kwetu mtu mzima hamkati mwenzake maneno. Anamtilia naam kama anayechochea kuni, mpaka mwenye kusema aseme yake yote yamwishe, kisha ndipo naye anajiweka sawa na kusema, "Sasa, mwanangu, ngoja nikwambie." Ami akajiweka sawa. Akasema, "Sasa, mwanangu..." Koplo alikuwa keshaifunika kalamu.

"Umeshamaliza, mzee. Hujatusumbua hata kidogo. Wote wangekuwa kama wewe, kazi hii ingekuwa rahisi." Akamsogezea karatasi na kidau cha wino. "Weka dole gumba hapa."

Ami akaitazama karatasi. Bila miwani yake ilikuwa siafu watupu. "Miwani yangu iko nyumbani, mwanangu."

"Kidole hakivai miwani, mzee."

"Naam," akasema Ami, na mkono wake akautia ndani ya kikoi, akaukalia.

Koplo akamwambia autoe. Naam. Akamwambia asimpotezee muda. Naam. Akamwambia akiweka kidole anakwenda nyumbani sasa hivi. Naam, naam. Mkono ukabaki pale pale ulipo. Sijui niuite nini ukaidi wa namna hiyo, ukaidi wenye adabu kuliko utiifu wa wengine.

* * *

Sisi tulifika saa nne, mimi juu ya baskeli, Bi Mize nyuma kwenye keria na chupa ya chai, mkate wa kumimina, kofia, na miwani ndani ya soksi. Kaunta ilikuwa na askari mmoja. Akatwambia jamaa hawaruhusiwi mpaka maelezo yakamilike. Bi Mize akauliza yatakamilika lini. Akajibiwa yakikamilika. Hakukuwa na mahali pa kukaa isipokuwa benchi moja, na juu yake wamelaza baskeli ya kielelezo. Tukasimama mpaka saa sita ikakaribia.

Koplo akatoka, akaufungua mkate, akauvunja katikati, akachokoa kwa kidole.

"Unatafuta nini humo?" akauliza Bi Mize. "Bunduki?"

"Utaratibu, mama."

"Basi ule kabisa, ujue na sukari yake."

Ukutani, nyuma ya kaunta, palikuwa na tangazo, na juu ya tangazo wametundika taulo. Chini ya taulo yalichungulia maneno matatu: NI BURE. HAIUZWI. Bi Mize akayakazia macho. "Kitu gani hicho cha bure mlichokivisha taulo?" Yule wa kaunta akaangalia ukuta kama anauona leo, akasema karatasi za dhamana zimekwisha, na watu wenye haraka zao huwa wananunua karatasi. Bi Mize akasema nyumbani kuna magazeti ya kufungia vitumbua, kama yatafaa.

Hapo akatokea mkuu wa kituo. Mtu wa Unguja, makamo, keshavaa kanzu yake ya Ijumaa, funguo mkononi, anawahi msikitini.

"Nini hapa?"

"Yule wa gunia, afande. Amekiri. Bado kidole tu."

"Kakiri?" Bi Mize alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, nyembamba, kama kitambaa kinachochanika. "Mjaka kakiri nini?"

"Mlete," akasema mkuu.

Akaletwa. Pekupeku, kichwa wazi, macho mekundu. Bi Mize hakuomba ruhusa. Akapita kaunta, akamvisha kofia mumewe, akaiweka sawa kwa vidole viwili kama anavyofanya kila Ijumaa, kisha akamvisha miwani. Hapo ndipo Ami alipotoa ule mkono kwenye kikoi, akaishika karatasi na kuisoma taratibu, midomo inamcheza.

"Hapa pameandikwa 'Ndiyo, nilichukua,'" akasema. "Miye nilisema naam."

"Naam si ndiyo?" Koplo akamgeukia mkuu. "Afande, naam si ndiyo?"

Mkuu akaangalia saa yake. Msikitini walikuwa wameshaanza kujaa. Pale ndipo jambo lote lilipokuwa linaninginia: akisema ndiyo, basi ni ndiyo, kidole kinawekwa, na Ami anakwenda mahakamani akiwa mwizi aliyekubali.

Na hapo ndipo mimi, Fahmi, niliposogea mbele.

"Afande," nikasema, kifua mbele, "kwa idhini yako, nimwulize mzee maswali mawili matatu."

"Uliza upesi."

Nikamgeukia Ami. "Mjaka!"

"Naam."

"Weye ndiye mkuu wa kituo hiki?"

"Naam," akasema Ami, kwa upole, anangoja nimalize.

"Na hizi buti za koplo umezinunua weye?"

"Naam."

"Na una mimba, unajifungua mwezi wa mfungo sita?"

"Naam, mke wangu."

Yule wa kaunta akainama chini ya meza. Mabega yake yalikuwa yanaruka. Koplo akawa mwekundu, na ni mweusi kama mimi, kwa hiyo jueni ilikuwa nyekundu ya nguvu. Mkuu wa kituo hakucheka. Alivua kofia yake, akaikung'uta, akaivaa tena.

"Koplo. Ulimwonya kabla ya kumwuliza?"

"Alikuwa anajibu vizuri, afande, sikuona..."

"Ulimwambia anaweza kunyamaza? Ulimwambia anaweza kuwa na jamaa yake?"

Koplo akaziangalia buti zake.

"Karatasi hii iweke kando. Mzee anatoka kwa dhamana, mpigieni sheha wake aje asaini, na hilo taulo nikirudi nisilikute. Jumatatu anakuja kuandikwa upya, na mkewe akae pale pale ubavuni." Akamsogelea Ami. "Mzee Mjaka. Una haki ya kunyamaza. Umefahamu?"

"Naam."

Mkuu akashusha pumzi. "Ndiyo hiyo ninayoisema. Jumatatu ukiulizwa jambo hukulifanya, ama nyamaza, ama sema hapana. Nikisikia naam tena mbele ya mashahidi, mimi sitakuwa na la kukusaidia. Neno hapana unalo?"

"Naam," akasema Ami.

Karafuu hazikurudi. Zilikuwa kwenye stoo ya kituo, ndani ya gunia lililofungwa, na tulipopita dirishani harufu yake ilikuwa imeshabadilika.

* * *

Jumamosi ikawa skuli. Mwalimu Bi Mize, mwanafunzi mmoja, naye mzito.

"Mjaka, uliiba gunia?"

"Na..."

"Hapana! Sema hapana."

"Ha... Mize, neno refu hili. Mtu anakuuliza kwa heshima zake, unamtupia hapana usoni. Ni kama kumfungia mlango."

"Wenyewe si wamekufungia? Tena wa chuma. Haya, liache hapana, sema la. Fupi, halina kona. Mjaka, uliiba gunia?"

Ami akavuta pumzi. Akafumba macho. "La..."

Bi Mize akanyanyua mikono.

"...beka," akamalizia Ami.

Kwa wasiojua, labeka ni ndugu yake naam, wa tumbo moja. Bi Mize akakaa chini kwenye mbuzi ya kukunia nazi, akacheka mpaka machozi yakamtoka, kisha nikaona machozi yanaendelea na kicheko kimekwisha. Nadhira akaitwa amwulize, labda kwa mgeni itatoka. Labeka. Nikamwuliza mimi kwa sauti ya koplo, nimevimbisha mashavu. Labeka, mwanangu. Mpaka tunaanika nguo, mpaka tunatia chakula, uliiba gunia, labeka, uliingia ghalani, labeka. Hata usingizi wa Ami usiku huo ulikuwa wa kugeukageuka.

* * *

Hadithi hii nimeiandika kwenye simu, niitume kwenye kundi la shehia, watu wajue haki zao na wamjue anayezijua. Leo Jumapili, baada ya alasiri, nikawasomea wenyewe kwanza. Ami yuko kwenye kizingiti, kofia yake kichwani. Bi Mize anakuna nazi. Nadhira kaja na bakuli tupu kuazima chumvi, akasahau kuondoka.

Nilisoma vizuri. Kwenye mkate wakacheka. Nilipofika pale niliposogea, kifua mbele, Bi Mize akaacha kukuna. Nikaongeza kasi. Nilipofika kwenye mimba, akasema:

"Rudi hapo. Kakujibu nini?"

"Naam."

"Naam nani?"

Nikaangalia simu. "Naam... mke wangu."

"Weye mke wake?" akauliza Nadhira.

"Ami alikuwa amechanganyikiwa," nikasema. "Mtu kalala sakafuni, jamani. Lakini aliyeuliza ni mimi." Macho yao hayakunipenda. Basi nikamgeukia shahidi wangu, mtu mmoja duniani ambaye jibu lake nalijua kabla sijauliza. "Ami Mjaka, waambie. Si ni mimi niliyekuuliza pale kaunta mbele ya mkuu wa kituo?"

Ami akaniangalia kwa huruma. Akalowesha midomo kwa ulimi. Akafungua kinywa.

"La," akasema.

Tukangoja beka. Bi Mize kasimama na kifuu mkononi, Nadhira na bakuli lake, mimi na simu yangu, wote tunangoja ile beka ifike.

Haikufika.

"La," akasema Ami tena, sasa kwa sauti ambayo Jumatatu itasikika mpaka barabarani. "Aliyeniuliza ni Mize. Weye ulikuwa nje, mwanangu, umeishikilia baskeli. Na nilikuona kwa miwani yangu, ilikuwa imeshafungwa kufuli."